Nilikikalia Kigoda cha Baba

Watu wa ukoo wangu hawajachoka kusema kwamba nilikikalia kigoda kisicho changu. Wanasema hivyo kwenye misiba, wanasema hivyo kwenye harusi rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishaanza kuwapanda kichwani, na wakiniona nakaribia wanageuza maneno na kuulizana habari za mvua. Wasijisumbue. Nilikikalia kweli, tena kwa raha zangu. Nikisimulia habari hii leo, sisimulii ili nisamehewe.

Mali yetu haikuanza na kahawa kama watu wanavyodhani. Ilianza na simbi. Kabla Wajerumani hawajaleta rupia zao, watu wa Buhaya walinunua na kuuza kwa simbi, zile kauri nyeupe zinazotungwa kwenye uzi. Mwenye simbi nyingi alikuwa na hofu nyingi, kwa sababu nyumba za nyasi huungua, wezi hupita, na ndugu huomba. Babu yangu alikuwa na msonge mkubwa pale Ijumbi, mbwa wakali, na mdomo mzito. Watu wakaanza kumletea simbi zao awatunzie. Alizifukia kwenye vyungu chini ya sakafu ya nyasi, kila chungu na alama ya mwenyewe. Aliyebanwa na shida alikopeshwa, na aliporudisha alirudisha na mbuzi juu yake. Hata Omukama, mtawala wetu, alipokuwa na jambo kubwa alituma watu kwa babu, na mwisho akamlipa fadhila kwa ardhi: kilima kizima, pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake.

Ardhi ya namna hiyo tuliiita nyarubanja, na watu wake tuliwaita watwarwa. Walilala kwenye nyumba zao na kulima migomba yao, lakini udongo ulikuwa wetu, na kila mwaka walituletea mikungu ya ndizi, rubisi, na siku za kufanya kazi bila malipo.

Rupia zilipoingia, simbi zikawa mapambo ya watoto. Vyungu vya babu havikuweza tena kununua hata kuku. Lakini kilima hakikwenda popote, na babu alipofariki baba yangu alirithi vyote viwili, vyungu visivyo na maana na kilima chenye maana kuliko zamani.

Baba alilelewa kama mtu ambaye hatashika jembe, na kweli hakulishika. Alijifunza kusoma na kuandika kwa Walutheri, akabatizwa, akaoa mke mmoja kanisani. Asubuhi alivaa kofia ya jua na buti, akatoka na mbwa wake wa kuwinda wenye njuga shingoni, na sisi tulijua alipo kwa kusikiliza njuga zile zikishuka bondeni na kupanda ng'ambo. Alipenda miti. Kila mgeni aliyepita misheni, baba alimwomba mbegu, akaziotesha nyuma ya nyumba: mikaratusi, miparachichi, mawaridi ambayo ng'ombe waliyatafuna. Watu walisema ni mtu wa ajabu. Tajiri anayekaa asubuhi nzima akitazama mche wa mti kama anayesubiri useme neno, wao walikuwa hawajamwona.

Nilipoanza kupata akili, Wajerumani walikwishaondoka na Waingereza walikuwa wameshika nchi. Kahawa ikapanda bei, na kilima chetu kilikuwa na kahawa nyingi, yote ya baba. Ndipo baba akajenga nyumba ya matofali, yenye mabati na madirisha ya vioo, ya kwanza upande wetu wa Muleba. Vioo vilikuja kwa meli kutoka Kisumu mpaka Bukoba, na kutoka Bukoba vilibebwa kichwani na watwarwa. Kila kioo kilifungwa kwa majani makavu ya migomba na kamba za gome, na wabebaji walitembea polepole kama waliobeba maiti. Nakumbuka nilivyosimama barazani nikiwaona wakipanda kilima, na jua likipenya kwenye majani na kumulika nyuso zao. Nilifurahi sana. Nilikuwa mtoto wa mwenye vioo.

Mama alisimama nyuma yangu. Yeye alikuwa binti wa mkulima wa Kimwani, na kwao hapakuwa na mtwarwa hata mmoja. Baba alipokuja kumwuliza kama vioo vinapendeza, mama alijibu, "Vinapendeza. Ila nyumba hii imejengwa kwa shingo za watu."

"Na hizo shingo zinakula nini?" baba akauliza. "Si ndizi za kilima changu?"

"Ndizi wanazolima wao," mama alisema, akaingia ndani kupika.

Sisemi hayo kumwaibisha baba. Nasema kwa sababu siku hizi wapo vijana wanaosema sisi wenye nyarubanja tulikuwa kupe, na wapo wazee wa kwetu wanaosema tulikuwa baba wa watu. Nimelala kwenye nyumba ile. Nilikula vizuri, nilivaa viatu, na watu waliopiga magoti kunisalimu walikuwa na umri wa bibi yangu. Sikatai hata kimoja kati ya hivyo.

Mama alizaa watoto wa kiume mara mbili, na wote walifariki wakiwa wachanga. Nikabaki mimi. Baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, alikaa ng'ambo ya bonde na alikuwa na wavulana wa kutosha kwa nyumba mbili. Kila alipokuja kunywa rubisi wimbo wake ulikuwa ule ule.

"Kaka, oa mwingine. Wachungaji wasikudanganye. Mtu asiye na mtoto wa kiume amezima moto wake."

"Mke ninaye," baba alikuwa akijibu. "Na mtoto ninaye. Huyo hapo anakumiminia."

"Binti ni wa kwa watu."

"Basi hata rubisi anayokumiminia ni ya kwa watu. Weka chini."

Baba mdogo alicheka na hakuiweka chini. Nilikuwa nikicheka pia, kwa kuwa nilidhani ni utani. Lakini baba alianza kunichukua katika matembezi yake. Tulizunguka mipaka ya kilima, mbwa mbele, mimi nyuma ya buti zake, naye akinionyesha: hapa babu yako alipanda mimea ya mpaka, hapa jirani alijaribu kuisogeza, familia hii ilikuja wakati wa njaa, familia ile ilikuwa hapa hata kabla yetu. Hakuniambia ananifundisha, na mimi sikuuliza.

Nilisoma shule ya misheni, kisha nikaolewa Buhembe na karani wa mjini Bukoba, kijana nadhifu mwenye baiskeli. Sina mengi ya kusema juu yake. Alipoleta mwanamke mwingine ndani na kuniambia nimwonyeshe mahali pa chumvi, nilimwonyesha. Halafu nilifunga mzigo wangu mchana kweupe, majirani wakiona, nikashika njia ya kwetu. Nilipofika Ijumbi baba alikuwa kwenye miche yake. Alinitazama mimi, akautazama mzigo.

"Umetembea kwa miguu?"

"Nimetembea, tata."

"Nenda mama yako akupe chakula."

Akarudisha mahari bila kumlalamikia mtu. Ukoo ulisema mengi. Baba mdogo alisema kikombe kilichorudishwa dukani hakinunuliwi tena. Baba alimjibu kwamba yeye hakuwa ameniuza.

Miaka michache baadaye baba alianza kukohoa na kukonda. Alikwenda hospitali ya misheni, akarudi amekonda zaidi. Siku moja, jua likiwa juu, aliagiza waitwe wazee wa ukoo, majirani wasio wa ukoo, mwalimu wa kanisa, na mkungu, yaani mwakilishi wa Omukama katika kijiji chetu. Kwa mila yetu, usia hutamkwa kwa mdomo mbele ya watu wa namna hiyo, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Baba aliwekwa kwenye kiti barazani, amefunikwa blanketi. Alipewa buni za kutafuna kama ilivyo heshima, akazishika tu mkononi.

"Mimi nakufa," alisema. "Msinikatize. Mke wangu atakaa katika nyumba hii mpaka afe. Omusika wangu, mrithi wangu, ni huyu binti. Nyumba, kibanja cha migomba cha nyumbani, na kilima chote na watu wake. Yeye ndiye atakayekalia kigoda."

Baba mdogo ndiye aliyesimama kwanza.

"Kaka, homa inasema."

"Nishike kichwa uone kama nina homa."

"Tangu lini mwanamke akawa omusika? Atashika mkuki?"

"Mikono anayo."

"Ukoo hautakubali!"

"Ukoo sikuuita ukubali," baba alisema. "Niliuita usikie. Umesikia?"

Baba alimgeukia mkungu, naye akakubali kwa kichwa kwamba amesikia, na mwalimu wa kanisa akasema vivyo hivyo. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye hajawahi kunipenda, alisema kwa uchungu, "Tumesikia, ingawa masikio yanauma." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la buni. Sinia likainama, buni zikamwagika. Nilitamani kusema sitaki. Halafu nikamwona baba mdogo akiyatazama madirisha, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua atakapoweka kitanda chake. Nikaokota buni zangu, na neno la kukataa sikulisema.

Baba alifariki kabla msimu wa senene haujaanza. Tulimzika ndani ya migomba yake, na matanga yalipokwisha ikafika siku ya kumsimika mrithi. Mambo huwa hivi: mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu, huvishwa rubugo, ile nguo ya gome la mti, na hupewa mkuki. Kuanzia hapo watu humwita kwa jina la cheo cha marehemu, kana kwamba marehemu hakuondoka.

Asubuhi ile nilitoka ndani nikakuta kigoda kimewekwa uani, na mtoto mkubwa wa baba mdogo amesimama karibu nacho, amevaa koti jipya. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa anatazama chini. Baba mdogo alikuwa ameshika mkuki wa baba na anaongea na wazee.

"Usia wa mgonjwa tumeuheshimu kwa kuusikia," alikuwa akisema. "Sasa tufanye kinachofanyika. Kijana akalishwe, na binti yetu tutamtunza. Hatakosa chakula."

Wazee wengine walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Mkungu alikuwa anachezea fimbo yake. Nilielewa kwamba maneno ya baba yangegeuka moshi pale pale, na hakuna ambaye angepiga kelele. Walikuwa hata hawajanikataza. Walikuwa wameniruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nilitembea. Sikukimbia. Nilipita mbele ya binamu yangu, nikakikalia kigoda.

Baba mdogo aligeuka.

"Ondoka hapo."

"Njoo uniondoe, baba mdogo. Mbele ya watu waliosikia usia."

Alipiga hatua moja, mkuki mkononi. Sijui angefanya nini, na nadhani hata yeye hakujua. Mama ndiye aliyetoka ndani. Alikuwa amelibeba rubugo la baba, limekunjwa vizuri. Alipita kati ya wanaume wale kama hawapo, akalikunjua, akanifunga begani kwa mikono yake, fundo la kiume. Kisha akanyoosha mkono kwa shemeji yake.

"Nipe mkuki wa mume wangu."

"Shemeji, hii ni aibu."

"Aibu ni yangu. Nipe."

Akampa. Mpaka leo sijui kwa nini alimpa. Pengine kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumsikia mama akipandisha sauti, na hata siku ile hakuipandisha. Mkuki ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Mwalimu wa kanisa akaanza kupiga makofi peke yake, na watwarwa waliokuwa wamesimama nje ya ua wakayapokea. Wazee wa ukoo hawakupiga makofi. Lakini rubisi walikunywa.

Ndivyo nilivyokuwa mwenye nyarubanja. Na nitasema ukweli: nilipenda. Nilipenda kuzunguka mipaka na mbwa wa baba mbele yangu. Nilipenda kuamka kwenye chumba chenye kioo na kuliona ziwa kwa mbali siku zisizo na ukungu. Kanisani nilikaa mbele. Watu walidhani ningekuwa mpole kwa kuwa ni mwanamke, na baadhi yao walishangaa nilipodai mikungu yangu kama baba alivyodai.

Kisha akaja mjane mmoja, mtwarwa wetu wa upande wa chini, mama mwenye mgongo uliopinda kidogo na macho makali. Alipiga magoti mlangoni.

"Waitu," alisema, maana hivyo ndivyo tulivyoitwa wakubwa, "nimekuja kuomba kupanda kahawa."

Watwarwa hawakuruhusiwa kupanda kahawa yao wenyewe bila idhini. Ndizi zilikuwa chakula, hakuna aliyewanyima. Kahawa ilikuwa mti wa kudumu na mti wa mali, na mti wa kudumu humpa aliyeupanda neno juu ya udongo. Nilimwambia alichojua tayari. "Baba alikataa."

"Alikataa. Mume wangu aliomba akakatazwa, akaomba tena akakatazwa. Alikufa anaomba. Yeye alibeba kioo cha dirisha lile." Akanyoosha kidole kwenye chumba changu cha kulala. "Alipofika hapa hakuweza kugeuza shingo kwa siku nyingi. Nilimkanda kwa maji ya moto. Alikuwa anacheka, anasema amebeba jua la bwana mkubwa."

"Unataka nifanye nini kwa ajili ya kioo?"

"Kioo ni chako, waitu. Mimi naomba kahawa."

Nilimwambia ainuke, akainuka. Nilimwambia arudi kesho, akasema kesho ni mbali kwa mwenye mgongo kama wake, atasubiri. Akakaa uani. Nilikwenda kwa mama jikoni, nikamweleza, nikitumaini ataniambia la kufanya. Mama alikuwa akimenya ndizi.

"Ulikikalia kigoda mbele ya watu wote," alisema. "Sasa kikalie."

Nilikasirika. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi ya baba iliyokuwa imeshapita paa. Nilifikiri: ikiwa wanaume wa ukoo walitaka kuniruka kama dimbwi, mimi namrukaje huyu? Haikuwa huruma. Ningependa kusema ilikuwa huruma, lakini ilikuwa hasira, na hasira ile ilikuwa nzuri. Nilirudi uani nikamwambia, "Panda. Miche utaichukua kwenye kitalu cha baba. Na ukiulizwa, sema mimi ndiye niliyeruhusu."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wako njiani," alisema mjane yule. "Wanasubiri nirudi na jibu."

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu baba afe. "Wote wapande," nikasema.

Msimu ule wa mvua kilima kizima kilichimbwa mashimo. Baba mdogo aliona kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuja kunywa rubisi tena. Alikwenda kushtaki kwenye baraza la Omukama, si kwa ajili ya kigoda tu, bali kwamba nawagawia watu baki ardhi ya ukoo.

Kesi ilichelewa, kama kesi zilivyo. Ilipoitwa, kahawa ya watu ilikuwa imefika kiunoni. Katika baraza nilikuwa mwanamke peke yangu, ukiacha mama aliyekaa nje kwenye nyasi. Baba mdogo alizungumza vizuri. Alisema ardhi ni ya waliokufa na ya watakaozaliwa, na mwanamke huolewa, na akiolewa huondoka na ardhi sketini mwake. Niliulizwa nina neno gani.

"Niliolewa nikarudi," nilisema. "Sikuondoka na ardhi, na sikurudi na ardhi ya mume. Baba alinichagua akiwa na akili zake. Mashahidi wapo. Kama usia wa mwanamume unaheshimiwa pale tu anapochagua mnachotaka ninyi, basi msiuite usia."

Mzee mmoja wa baraza alisema nina ulimi mkali. Nilimwambia nimeutoa kwa baba, ni sehemu ya urithi. Watu walicheka, lakini hukumu haikuwa ya kuchekesha. Nyumba na kibanja cha nyumbani ni vyangu maisha yangu yote, nisiuze hata mgomba, na nikifa virudi kwa ukoo. Kilima na watwarwa wake viende kwa baba mdogo.

Nilikata rufaa mpaka Bukoba, kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Alikuwa Mwingereza kijana, mwekundu wa jua, aliyejua Kiswahili cha kutosha. Aliwasikiliza wote, akanywa chai, kisha akaniambia kwa upole kwamba haoni sababu ya kutengua hukumu ya wazee. Akaongeza, nadhani kwa nia njema, "Usidhani ni nyinyi tu. Hata kwetu ni hivyo. Babu yangu alikuwa na benki, na mashamba makubwa, na nyumba yenye vyumba ambavyo hatukuvitumia. Alikuwa na mabinti, lakini alipokufa vyote vilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume. Shangazi zangu walipewa vyumba vya kukaa."

Nilimfikiria babu yake na vyungu vyake vya simbi, popote alipovifukia.

"Basi na kwenu mmekosea," nikamwambia.

Karani aliyekuwa pembeni aliacha kuandika. Bwana DC alisogeza kikombe chake. Sijui kama alikasirika. Alisema, "Inawezekana," akaita kesi inayofuata. Hukumu ikabaki ile ile.

Baba mdogo alikuja kilimani kwetu siku ya soko, na vijana wake na mkungu, kuwatangazia watwarwa bwana mpya. Alianza kwa mjane. Alimwambia ang'oe kahawa au ahame, maana yeye hakuruhusu. Nilikuwa nimefika na mkuki wa baba, maana haukutajwa kwenye hukumu. Lakini sikuhitaji kusema sana. Mjane alimgeukia mkungu.

"Mkubwa, nilipanda kwa idhini au bila idhini?"

Mkungu akajikuna. "Kwa idhini ya aliyekuwa kwenye kigoda."

"Na anayefukuzwa kwenye miti aliyoipanda kwa idhini?"

"Hulipwa miti yake kwanza," mkungu alisema, "kila mti. Ndivyo mila ilivyo."

Baba mdogo alikigeukia kilima. Kahawa ilikuwa kila mahali, chini ya kila mgomba, mpaka bondeni. Hapakuwa na mtu Buhaya nzima ambaye angeweza kuilipa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka, mtu mzima mwenye magoti mabovu aliyepanda mlima bure.

"Ulijua?" aliniuliza.

Sikuwa nimejua kesi ingekwenda vile. Lakini sikumpa raha hiyo. "Karibu nyumbani unywe maji, baba mdogo," nilisema.

Hakuja. Akawa bwana wa kilima kwa jina, na watu walimpelekea mikungu ya ndizi kila mwaka kama hukumu ilivyosema, ile midogo. Hakumhamisha hata mmoja. Mimi nilibaki kwenye nyumba yangu na mama, mabati yakianza kuvuja upande wa mashariki, na kila mwaka ukoo ulinishauri nihamie chumba cha uani ili kijana mmoja wa ukoo aoe na kuingia nyumba kubwa. Kila mwaka nilikataa. Nilikata mkaratusi mmoja wa baba, nikatengeneza paa mwenyewe na fundi.

Kahawa ya mjane ilipozaa kwa mara ya kwanza, aliipeleka kuuza kwa jina lake mwenyewe. Aliporudi alikuwa amenunua mwavuli mweusi, wenye mpini uliopinda. Njia fupi ya kwenda kwake ilipita kwetu. Hakuifuata. Alizunguka ng'ambo yote ya bonde mpaka kwenye njia inayopita mbele ya ua wa baba mdogo, na pale akaukunjua. Nilimwona kutoka barazani, doa jeusi likienda taratibu kabisa mbele ya lango lile, likasimama kidogo kusalimia, halafu likaendelea. Mbingu ilikuwa nyeupe, na mvua haikuwapo.